Mshahara na Mkataba Unaohesabu Siku

Anayetaka kiwanja hutoa arbuni ili mwenyewe asimuuzie mtu mwingine kwa mwezi mmoja. Mwezi ukipita bila bei yote kulipwa, mara nyingi arbuni imekwenda. Opsheni ya hisa inafanana sana na hiyo. Kwa kawaida mkataba mmoja wa Marekani humpa mnunuzi haki ya kununua, au kuuza, hisa 100 kwa bei iliyokwisha pangwa hadi tarehe fulani, na haki hiyo hulipiwa ada. Mikataba hii ilipata soko lake rasmi Chicago mwaka 1973, ikianza na hisa za kampuni 16 tu. Leo karani wa Mombasa anaweza kulifikia soko hilo kwa simu, kupitia dalali wa mtandaoni, na swali linaloulizwa sana ni kama mtu mwenye ajira ya kutwa anaiweza biashara hii. Naona anaiweza, ila kwa mikataba ya aina chache sana, na si ile inayotangazwa zaidi.

Chukua hisa inayouzwa dola 50. Opsheni ya kuinunua kwa dola 55, imebakiza siku 30, wanunuzi wanaitaka kwa 1.10 na wauzaji wanaitoa kwa 1.30. Ukilipa 1.30 mara hisa 100, umetoa dola 130. Ukibadili mawazo dakika hiyo hiyo utapewa 110, na 20 zimeshapotea kabla soko halijasogea. Sasa hisa ipande hadi 54 siku ya mwisho. Ulibashiri sawasawa kwamba itapanda, na bado hukupata hata senti, kwa kuwa haki ya kununua kwa 55 kitu kinachouzwa 54 haina mnunuzi. Thamani ya muda huyeyuka kila siku, na kwa opsheni ambayo bei yake iko karibu na bei ya hisa, huyeyuka kwa kasi zaidi wiki za mwisho.

Wengi husema dawa ni kukaa mbele ya skrini. Ushahidi haukubali. Watafiti Barber na Odean walichunguza kaya 66,465 za Marekani kati ya 1991 na 1996: zilizonunua na kuuza hisa mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka, huku soko lenyewe likitoa 17.9. Nchini India, mdhibiti wa masoko alitangaza mwaka 2024 kwamba katika miaka mitatu ya fedha, watu binafsi 93 kati ya kila 100 waliofanya biashara ya opsheni na mikataba ya baadaye walipata hasara. Kwa hiyo ajira haimnyimi mtu siri fulani waliyo nayo wanaokaa sokoni kutwa. Inamnyima tu nafasi ya kusimamia mkataba wa siku mbili tatu, na huo ndio wa kuacha.

Atakuwepo wa kujibu kwamba soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu, au kumi na moja na nusu majira yao ya baridi, wakati kazi imeisha. Ni kweli, lakini kampuni nyingi hutangaza faida zake kabla ya kengele ya kufungua au baada ya ile ya kufunga, na hapo oda ya kuzuia hasara haifanyi kazi. Soko likifunguliwa, bei imesharuka mbali. Tarehe 5 Februari 2018 kipimo cha hofu ya soko, VIX, kiliruka kutoka 17.31 hadi 37.32, na wengi waliokuwa wakibashiri utulivu kwa faida ndogo ndogo waliangamia wakati Dar es Salaam ni usiku wa manane. Ndiyo maana kuuza opsheni bila kumiliki hisa zenyewe, hata kukiitwa kipato cha kila mwezi, hakumfai anayehitaji kulala.

Kinachobaki ni kuuza haki ya kununua hisa 100 ambazo tayari ni zako, au kununua opsheni ya miezi tisa kwa oda yenye bei uliyoichagua Jumamosi, kwa fedha ambayo kodi ya nyumba haiitegemei. Ada ya miezi tisa ni kubwa, na hilo huwafukuza wengi. Lakini miezi minne ikipita bila hisa kusogea, bado mkononi kuna kitu cha kuuza.