Hadithi za Historia kwa Vijana: Nani Asifiwe?

Wako wanaodhani kwamba vitabu vya hadithi za historia ni vya kuwaburudisha watoto tu, na kwamba elimu ya siasa huanza mtu akishakuwa mtu mzima. Fikra hizo si sahihi. Mtoto wa darasa la sita huko Issuna, Wilaya ya Ikungi, ameanza kujenga msimamo wake kuhusu nani huleta mabadiliko duniani, na anaujenga kwa hadithi anazozisikia na kuzisoma.

Wakoloni waliijua siri hiyo. Mwaka 1934 kilitolewa kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela, Mwafrika wa Kenya ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Kitabu hiki kilisomwa mashuleni kwa miaka mingi. Kiswahili chake ni kizuri, tena mateso anayoyaeleza yalitokea kweli. Hapo ndipo penye nguvu yake. Kijana anafuatana na mateka njiani, anaumia nao, halafu inatokea manowari ya Mwingereza kuwaokoa. Mwarabu ni mwovu, Mwingereza ni mkombozi, naye Mwafrika ni wa kuhurumiwa. Msomaji hasukumwi kuuliza ni nani aliyenunua pembe walizobebeshwa watu hao, wala kwamba nyingi ziliishia kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Uongo wa kitabu cha namna hii haumo katika kinachosemwa. Umo katika kisichosemwa.

Baada ya Uhuru waandishi wetu walianza kuigeuza hali hiyo. J. B. Kabeya alitoa Mtemi Mirambo mwaka 1966, na kijana akampata Mwafrika anayeamua mambo mwenyewe. Hiyo ilikuwa hatua mbele. Lakini Mirambo, aliyepigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, alizitaka pia njia za misafara na faida ya pembe, na rugaruga wake waliishi kwa nyara. Wako makada wanaosema kwamba kumweleza mtoto mambo hayo ni kumvunja moyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Kitabu kinachoficha mabaya ya mtemi kinatumia mbinu ile ile ya kumficha Mwingereza. Kilichobadilika ni mwenye kusifiwa tu. Mtoto atakuja kuujua ukweli kwingine, na siku hiyo hatatuamini hata pale tuliposema kweli.

Njia iliyo bora ilionyeshwa mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kwa wazee wa kusini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji. Wazee hawakuzungumzia dawa ya maji peke yake. Walizungumzia mashamba ya pamba, kazi ya kulazimishwa na viboko. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba huko Matumbi, Julai 1905, vita vilianza kwa kung'oa miche ya pamba, anaelewa kwa nini ulikuwa mche wa pamba na siyo kitu kingine. Kinjikitile wa Ngarambe anapata nafasi yake halali: mtu aliyewaunganisha watu ambao tayari walikuwa na sababu ya kupigana.

Sasa turudi Issuna. Wanyaturu wanasimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki. Uwanja wa mpira mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Jina limekuzwa, na ni vema. Lakini jina ukutani halimwelezi mtoto lolote. Mwandishi mvivu atamwandikia kwamba palikuwa na mama mwenye uchawi, basi. Mwandishi makini ataanza na kodi ya nyumba, iliyotozwa kuanzia mwaka 1898, na boma la Wajerumani la Kilimatinde. Ataeleza mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na ujuzi wa watu walioishi na nyuki vizazi kwa vizazi. Aweza hata kukumbusha kwamba huko Tanga, Novemba 1914, nyuki waliochokozwa na risasi waliwavamia askari wa Uingereza vitani. Hapo sifa za Liti hazipungui, nao wananchi waliokuwa nyuma yake wanaonekana.

Tatizo ni kwamba kitabu cha namna hiyo hakina soko kubwa, na mchapishaji hawezi kulaumiwa kwa kuogopa hasara. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulionyesha dawa: kununua sehemu ya nakala kutoka kwa mchapishaji na kuzipeleka mashuleni. Halmashauri zaweza kufanya vivyo hivyo kwa historia ya sehemu zao. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekwisha kuingia madarasani, lakini kitabu kimoja cha kiada kwa nchi nzima hakiwezi kubeba habari za kila kata.

Fedha haziwezi kungoja, na wazee ndio kabisa. Katika kata kama Issuna, kazi ya kwanza ni kuorodhesha wanaozijua simulizi, wanawake kwa wanaume. Kila mmoja asikilizwe peke yake kabla hawajakutanishwa, na pale wanapotofautiana paandikwe hivyo hivyo.