Jimbo Jipya, Hazina Ileile

Kila ninapoalikwa kuzungumzia ugatuzi, sijafika nusu ya maelezo mtu keshasimama: "Mtaalamu, na sisi lini tutapewa jimbo letu?" Nimeulizwa mikutanoni, kwenye simu, hata msibani. Leo nalijibu, maana swali hili linawapotezea watu miaka.

Wanaouliza wanaamini kwamba utawala ukikatwa vipande vidogo, huduma husogea karibu. Basi twende Katanga tukaipime imani hiyo. Katiba ya Kongo ya 2006 iliahidi majimbo 26 badala ya 11, Kinshasa ikiwemo. Mgawanyo ulipotimia mwaka 2015, Katanga ilizaa majimbo manne. Kalemie ikawa makao makuu ya Tanganyika, Kamina ya Haut-Lomami. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti ikabaki upande wa Lubumbashi na Kolwezi, katika majimbo mengine mawili.

Sasa tazama kinachozaliwa siku jimbo linapozaliwa. Gavana na naibu wake. Mawaziri wa jimbo, ambao Katiba inaruhusu wafike kumi. Bunge la jimbo na spika wake. Kila mmoja anataka ofisi, wasaidizi, gari, dereva na mafuta ya gari. Hayo yote hulipwa kwanza, kabla tingatinga moja halijawashwa. Sikatai kwamba mtu wa Kalemie amepunguziwa safari ya kufuata saini Lubumbashi. Lakini saini isiyo na fedha nyuma yake haijengi daraja.

Na fedha iko wapi? Kifungu cha 175 cha Katiba hiyo ya Kongo kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, ikatwe palepale inapokusanywa. Hivyo sivyo inavyofanyika. Fedha hupanda kwanza hadi Kinshasa, kisha Kinshasa huamua kirudi kiasi gani na lini. Neno lenyewe wanalotumia, marejesho, linakiri kwamba fedha ilikwisha kuondoka. Gavana anayengoja marejesho ni mwombaji, awe na jimbo kubwa au dogo. Ukilikata jimbo lake mara nne umepata waombaji wanne.

Na si Kongo peke yake. Uganda walikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Leo zimepita 130. Kila wilaya mpya huleta kiti kipya cha mbunge mwanamke, kwa hiyo wanasiasa hawachoki kuziahidi. Katikati ya mbio hizo, mwaka 2005, kodi ya kichwa iliyokuwa tegemeo la wilaya ikasitishwa. Wilaya zikaongezeka, mifuko yao ikapungua. Nigeria ilipata uhuru ikiwa na mikoa mitatu, na tangu 1996 ina majimbo 36. Mengi huishi kwa kungoja mgao wa kila mwezi kutoka Abuja. Mifano mingapi zaidi inahitajika?

Acheni ramani, daini hesabu. Kongo, asilimia 40 ikatwe kwenye chanzo, kama ilivyoandikwa katika Katiba. Mfuko wa kusawazisha majimbo, ambao kifungu cha 181 kinautengea asilimia 10 ya mapato ya taifa, upewe fedha hizo ili Haut-Lomami isiadhibiwe kwa kukosa shaba. Majimbo jirani yachangie mitambo ya barabara badala ya kila moja kununua yake. Bajeti ya jimbo ibandikwe ukutani, safu moja ya fedha iliyoahidiwa, nyingine ya iliyofika.

Na wanaoishi karibu na mgodi waanze wiki hii. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, asilimia 25 ya mrabaha ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya komini, sekta au eneo la chifu mgodi ulipo. Nendeni kwa mkuu wa sekta yenu mkamwombe awaonyeshe malipo ya mwisho yaliingia tarehe ngapi, kiasi gani, na katika akaunti ipi.