"CORN" NI NAFAKA GANI?

Mama mmoja wa kisomo chetu alikwenda mjini kumwuguza dada yake. Dukani aliona pakiti ya unga iliyoandikwa "corn flour". Mpwa wake wa sekondari akamwambia, "Mama mdogo, corn ni mahindi." Basi akanunua, ingawa pakiti ilikuwa ndogo na bei yake kali. Jioni akateleka maji, akasonga. Lo! Ugali haukuwa ugali. Ulivutika kama gundi ya karatasi, na watoto wakalala na chai tupu.

Alituletea pakiti ile darasani kwa hasira. Je, mtoto alimdanganya? Hapana. Wenye Kiingereza chao hawaelewani juu ya neno hilo.

Zamani huko Uingereza "corn" ilikuwa punje yoyote, hata chembe ya chumvi. Ndiyo maana ile nyama ya kopo huitwa "corned beef". Usitafute mahindi humo, ni habari ya chumvi tu. Halafu neno likashika nafaka kuu ya mahali penyewe: kwa Mwingereza ngano, kwa Mskoti oti, nafaka wanayopikia uji. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema ndugu zake Yusufu walikwenda Misri kununua "corn". Si mahindi hayo. Siku zile mahindi yalikuwa ng'ambo ya bahari, Marekani.

Waingereza waliohamia Marekani, kuanzia mwaka 1607, waliwakuta wenyeji wakilima mahindi. Wakayaita "Indian corn", yaani nafaka ya Wahindi, kwa sababu wenyeji wale waliitwa Wahindi kwa makosa. Nasi tunasema mahindi, na asili yake si India! Baadaye Wamarekani wakaacha neno la kwanza, ikabaki "corn". Waingereza wao husema "maize", na shule zetu zikafuata hivyo.

Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi vya Ireland, na viazi ndivyo vilikuwa chakula cha maskini. Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, akaagiza "Indian corn" ya pauni 100,000 kutoka Marekani. Watu waliozoea viazi na oti wakaletewa nafaka ngumu ya njano. Kuisaga ilikuwa shida, na namna ya kuipika hawakuijua. Wengi waliila haijaiva, wakaumwa tumbo vibaya. Wakaibandika jina, "salfa ya Peel", kwa kuwa rangi yake ilikuwa kama ile salfa inayopulizwa kwenye mikorosho. Njaa yenyewe ilidumu miaka mingi, ikaua watu wapatao milioni moja.

Sasa turudi kwenye pakiti ya mama. Kwa Mmarekani, "corn flour" ni mahindi yaliyosagwa. Kwa Mwingereza ni wanga mtupu uliotolewa ndani ya mahindi, mweupe na laini kama poda. Mmarekani wanga huo anauita "cornstarch". Pakiti ile ilifuata Kiingereza cha Uingereza. Wanga huo hausongwi. Huchukuliwa kijiko kimoja, ukakorogwa kwanza katika maji baridi, halafu ukamiminwa kwenye mchuzi unaochemka ili uwe mzito.

Mama alijaribu kwenye mchuzi wa samaki. Anasema pakiti iliyobaki itamfikisha Krismasi.