Waendesha mashtaka waliofungua majalada yao wenyewe

Ni risiti ya bili ya simu tu. Ililipwa katika hoteli moja mjini Orlando, jimbo la Florida, usiku mmoja wa Agosti 1989. Muda wa saa tano hivi baadaye, mtu alipigwa risasi akafa Brooklyn, New York, umbali wa kilomita zipatazo 1,500. Mwanamume aliyeilipa alikuwa likizoni na familia yake. Hata hivyo alishtakiwa kwa mauaji hayo, na alipojitetea kwamba hakuwepo, upande wa mashtaka ukajibu kwamba angeweza kupanda ndege akarudi. Mwaka 1990 akatiwa hatiani. Risiti ile ilikuwemo kwenye jalada muda wote, lakini wakili wake hakupewa. Alikaa gerezani karibu miaka 25.

Aprili 2014 alitoka, na ofisi iliyomfunga ndiyo iliyosimama mahakamani kukubali kwamba kesi imeanguka. Kazi hiyo ilifanywa na kitengo cha mapitio ya hukumu katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa Brooklyn.

Hapa kwetu, Tanzania na Kenya, tumezoea Mkurugenzi wa Mashtaka mmoja anayeteuliwa na Rais. Marekani, katika majimbo mengi, kila kaunti humchagua wake kwa kura, naye huunda vitengo anavyoona vinahitajika. Brooklyn penyewe, tangu 1990, palikuwa na mpango wa kuwapeleka baadhi ya watumiaji wa dawa za kulevya kwenye tiba badala ya gerezani. Mpango mzuri, lakini kitengo cha mapitio kina ugumu wa aina yake, kwa kuwa kinaitaka ofisi ijichunguze.

Aliyeonyesha njia ni Craig Watkins, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa kaunti katika jimbo la Texas. Aliingia ofisini Dallas Januari 2007, na mwaka huohuo akaanzisha kitengo cha kupitia upya kesi za zamani. Alirithi ofisi iliyosifika kwa ukali tangu enzi za Henry Wade, aliyeiongoza kuanzia 1951 hadi 1987. Alirithi pia hazina ambayo kaunti nyingine nyingi hazikuwa nayo: maabara ya Dallas haikutupa vielelezo. Sampuli za miaka ya 1980 zilikuwa bado zimehifadhiwa. Zilipopimwa vinasaba, watu waliofungwa kwa ubakaji na mauaji walionekana hawakuhusika, na wengi wao walifungwa kwa sababu shahidi aliyekuwa mkweli kabisa alimnyooshea kidole mtu asiye yeye. Zaidi ya watu 20 walisafishwa wakati wa uongozi wa Watkins.

Ken Thompson alipoingia Brooklyn kama mwendesha mashtaka Januari 2014, hakuwa na bahati ya sampuli za namna hiyo katika kesi nyingi. Alichokuwa nacho ni makaratasi: maelezo ya mashahidi, kumbukumbu za wapelelezi, risiti. Akawatenga mawakili kwa kazi hiyo peke yake, akamwita Profesa Ronald Sullivan wa Harvard asaidie kukijenga kitengo, na akaunda jopo la mawakili wa nje ya ofisi litoe maoni kabla hajaamua. Jopo hilo naliona ndilo moyo wa mpango mzima. Bila macho ya nje, ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Thompson alifariki kwa saratani Oktoba 2016, na kufikia hapo hukumu zipatazo 20 zilikuwa zimefutwa.

Wapo wanaosema kufukua kesi za zamani kunawatonesha wafiwa. Uchungu wao ni wa kweli, nami siupuuzi. Lakini asiye na hatia akifungwa, muuaji anabaki mtaani, na mfiwa naye amedanganywa.

Kwa wakurugenzi wa mashtaka wa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, nina ombi moja, na halihitaji bajeti ya Marekani. Kesi ikiisha, kielelezo kisitupwe na jalada lisiachwe liliwe na mchwa. Mfungwa wa kifungo kirefu anaposema hakutenda, awepo mwanasheria ambaye hakuiendesha kesi yake, alifungue jalada hilo na kulisoma karatasi kwa karatasi.