DAFTARI LA MAJINA YA MTANDAO: PROGRAMU HURIA NA WAJIBU WETU

Kila siku ya kazi watumishi wa Serikali hupeleka na kupokea barua pepe, na wananchi hufungua tovuti za ofisi ili wapate fomu na wasome matangazo. Ni wachache wanaofahamu kwamba shughuli hizo zote husimama siku jina la ofisi linapopotea mtandaoni, ijapokuwa kompyuta zenyewe ni nzima. Makala haya yanakusudia kueleza daftari linalotunza majina hayo, programu zinazoliendesha, na wajibu wa kila mwenye dhamana.

Daftari lenyewe

Kompyuta hutambuana kwa tarakimu, ilhali binadamu hukumbuka majina. Mtu anapoandika jina linaloishia na .go.tz, kompyuta yake huuliza kwanza tarakimu za jina hilo, na anayejibu ni seva ya majina. Zamani majina yote yaliandikwa katika jalada moja lililotunzwa na taasisi ya SRI, nchini Marekani, na kila mwenye kompyuta alilazimika kulinakili. Majina yalipozidi, utaratibu huo ulielemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuligawa daftari: kila mwenye eneo atunze sehemu yake, na aliye juu aelekeze tu kwa aliye chini yake. Ni mfano wa mgeni anayeulizia nyumba: Mkoa humpeleka Wilayani, Wilaya humpeleka kwa Sheha, na Sheha ndiye aijuaye nyumba.

Programu zinazoliendesha

Programu mashuhuri ya kazi hii ni BIND, iliyoandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980. Sasa hutunzwa na Internet Systems Consortium, taasisi ya Marekani isiyotafuta faida, na toleo lake la 9 lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Nyengine ni NSD na PowerDNS zilizotoka Uholanzi, na Knot DNS ya CZ.NIC, taasisi inayosimamia majina ya Jamhuri ya Cheki. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa pia FRED, programu ya kusajili majina, ambayo imewahi kutumika katika usajili wa majina ya .tz.

Zote hizo ni programu huria. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwapa wengine bila ya kulipia leseni, mradi afuate masharti yake. Kwa Serikali yenye bajeti ndogo hiyo ni neema. Hata hivyo, inafaa ifahamike kwamba huria si sawa na kitu kisicho na mlezi. Fedha isiyotumika kununua leseni hapana budi itumike kumsomesha mtumishi atakayeisimamia programu hiyo.

Nukta moja

Aliyesoma chuoni anajua kwamba nukta moja hugeuza herufi, na herufi hugeuza maana. Katika daftari la majina hali ni hiyo hiyo. Jina lisilo na nukta mwishoni huhesabiwa kuwa halijakamilika, na seva huliongezea jina la eneo. Tarehe 12 Oktoba 2009, nchini Uswidi, daftari la majina yote yanayoishia na .se lilitayarishwa upya bila ya nukta hizo. Takriban majina laki tisa yakawa hayafikiki. Kosa lilisahihishwa katika muda wa saa moja hivi, lakini kwa kuwa seva nyengine duniani huhifadhi majibu kwa muda, athari iliendelea kwa saa kadhaa. Seva zilisoma kile zilichoandikiwa.

Funzo la visiwani

Wasomaji wanakumbuka kwamba waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika Mei 2008, Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kwamba tatizo lilirejea Disemba 2009 na kuendelea hadi Machi 2010. Ofisi yenye seva mbili za majina katika jengo moja, umeme ukikatika, hupoteza zote mbili, na barua za wananchi hukosa pa kwenda. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1997 ulielekeza kwamba seva za jina moja ziwekwe mahali mbalimbali, mbali kwa mbali, na zisitegemee njia moja ya mtandao. Programu huria hurahisisha jambo hili, kwani kuongeza seva ya pili hakudai leseni ya pili.

Marekebisho yasicheleweshwe

Mwaka 2008 mtaalamu Dan Kaminsky alitambua udhaifu uliomwezesha mwovu kuingiza majibu ya uongo katika seva za majina, hata mtu akapelekwa kwenye tovuti bandia bila ya kujua. Watengenezaji, wa programu huria na wasiokuwa huria, walishirikiana kwa siri na wakatoa marekebisho kwa pamoja Julai mwaka huo. Marekebisho hayo yalimfaa yule tu aliyeyaweka katika seva yake.

Wajibu wetu

Hivyo basi, wakuu wa ofisi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kujua ni nani anayetunza daftari la majina la ofisi, na kumteua msaidizi wake, ili likizo au kustaafu kwa mtu mmoja kusiifunge ofisi.

2. Kuhakikisha kwamba seva za majina ni mbili au zaidi, na haziko katika jengo moja.

3. Kutaka kila badiliko la daftari likaguliwe na mtu wa pili kabla ya kutumika, na nakala ya daftari la awali ihifadhiwe.

4. Kufuatilia marekebisho ya programu, na kulipa ada ya usajili wa jina kabla ya muda wake kwisha.

Mwananchi anayepeleka barua kwa njia ya mtandao anaiamini anuani aliyopewa na Serikali, kama anavyouamini muhuri. Kuitunza anuani hiyo ni amana. Ofisi inayohitaji maelezo zaidi inaombwa kuwasiliana na kitengo cha TEHAMA cha Wizara yake.