Shoka la Ng'ambo ya Bonde

Mtu asimamaye asubuhi kwenye ukingo wa bonde katika milima ya Upare, akamtazama mwenziwe ng'ambo akipasua kuni, huliona shoka limekwisha kushuka na kuinuliwa tena ndipo mlio wake umfikie, kwa sababu sauti huenda kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde, na nuru haina ajizi. Lakini akivuka bonde na kusogea hadi hatua arobaini hivi, ingawa mlio ungali unachelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, jicho na sikio humpa habari moja, kwani akili imeusamehe muda ule mdogo na kuyashona mambo mawili yakawa tukio moja.

Milango ya fahamu, tuliyofundishwa kuihesabu mitano kana kwamba kila mmoja una bawabu wake asiyesemezana na jirani, kwa hakika hushauriana daima. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walidhihirisha kuwa mtu asikiaye "ba" huku akitazama midomo itamkayo "ga" aghalabu husikia "da", silabi ambayo hakuna aliyeitamka.

Nami naona ushahidi ulio bora zaidi umo katika tangawizi ya Mamba Miamba, wilayani Same. Mnunuzi mzoefu hukitazama kipande, hukibonyeza, kisha hukivunja, na sikio likipata ule mlio wa "ka!" na pua ikapokea harufu, mate humtoka kabla ulimi haujaonja kitu. Wazee wasemapo chai ya tangawizi hiyo ina moto hawasemi kwa istiari: ukali wake huamsha mishipa ile ile ya fahamu ipokeayo joto liunguzalo, ambayo mwanasayansi David Julius alikigundua kipokezi chake mwaka 1997 kwa kuuchunguza ukali wa pilipili, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ndiyo maana mwenye mafua huikosa harufu ya tangawizi, na moto wake akabaki nao.

Mapatano haya ya milango ya fahamu hujengwa kwa miaka. Mtoto aliye chini ya miaka minane hivi, akipewa kitu akipime kwa jicho na mkono pamoja, aghalabu huufuata mlango mmoja na kuuacha wa pili. Basi yule aketiye sokoni kando ya mama yake hukibonyeza kipande, akasita, akainua macho. Na mama, bila kusema neno, hukitwaa akakivunja karibu na sikio la mwanawe.