Bastola ya babu sandukuni: kabla hujaigusa, soma haya

Majuzi, baada ya Isha, nilipigiwa simu na binamu yangu anayeishi Pumwani, Nairobi. Mamake alikuwa amefariki, arubaini imepita, na watoto wameanza kupanga vitu vya nyumba. Chini kabisa ya sanduku la babu yao, ndani ya kitambaa kilichokaukiana kwa mafuta, wakakuta bastola. Si ndogo kama zile tuzionazo kiunoni mwa askari. Ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito mkononi kama pasi ya makaa.

Kufikia wakati ananipigia, ndugu watatu walikuwa wamegawanyika. Mkubwa anataka iuzwe, kwa sababu ameona mtandaoni kwamba Marekani chombo kama hicho hununuliwa na wapenzi wa vitu vya kale kwa mamia ya dola, pengine kupita elfu. Wa kati anataka ibaki nyumbani, ukumbusho wa mzee. Mdogo, kijana wa miaka 20, ametazama video za Wamarekani wakisubu risasi zao wenyewe na kwenda kulenga shabaha. Anasema Kamukunji kuna fundi wa kila kitu, hata hilo litawezekana.

Nilimwambia binamu: "Funga sanduku, watoe watoto chumbani, na asiiguse mtu yeyote." Akaniuliza, "Ni mbaya kiasi hicho?" Makala haya ndiyo jibu langu, kwa sababu naamini nyumba hiyo si ya peke yake.

Chombo chenyewe ni kipi

Kwa maelezo aliyonipa, ile ni rivolva, yaani bastola yenye gurudumu la matundu sita linalozunguka kila unapofyatua. Mashuhuri zaidi katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza ni Webley. Ile ya toleo la sita, iliyoanza kutumiwa jeshini mwaka 1915, ina uzito wa takriban kilo moja na mtutu wa sentimita 15. Ukiisukuma kilingo chake inavunjika katikati kama gobore la kisasa, na maganda yaliyotumika yanaruka nje yote kwa pamoja. Jeshi la Uingereza lilikuja kuiacha rasmi mwaka 1947.

Si ajabu chombo cha namna hiyo kuonekana Eastlands. Mitaa yenyewe inabeba majina ya vita. Kariokor ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao. Soko la Burma, karibu na Shauri Moyo, linakumbusha askari wa King's African Rifles waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma. Pumwani nako, tangu miaka ya 1920, ndiko walikoishi Waislamu wengi waliotoka Pwani na kwingineko, wakaifanya lugha yetu kuwa lugha ya mtaa. Wazee wengi wa huko walivaa sare. Bastola zilikuwa za maofisa zaidi kuliko askari wa kawaida, lakini vita vikiisha vitu hupotea, hupewana, hubadilishana mikono.

Risasi ni risasi

Lugha yetu ina siri moja hapa. Neno "risasi" tulilipata kwa Waarabu, na kwa asili ni jina la madini: yale mazito, laini, ya kijivu, ambayo wavuvi wetu huyafunga kwenye nyavu zizame. Kile kitu kinachotoka mtutuni tukakiita risasi kwa sababu kilisubiwa kwa madini hayo. Kusubu ni kazi ya kale: unayeyusha risasi, ambayo huwa maji ifikapo nyuzi 327 za Selsiasi, unaimimina ndani ya kalibu, inapoa, unaitoa. Risasi tupu ni laini mno, kwa hiyo mafundi huichanganya na bati kidogo na antimoni, jamaa ya ule wanja uliosagwa tangu zamani, ili ipate ugumu.

Kwa nini mpenzi wa rivolva za kale huko Marekani ahangaike kusubu na asinunue dukani? Sababu ni mbili. Kwanza, risasi za ukubwa ule ni adimu, kwa kuwa jeshi liliziacha zamani. Pili, na hili ndilo la hatari, chuma cha zamani hakikutengenezwa kuhimili baruti ya leo. Risasi ya Webley ilikuwa nzito, gramu 17 hivi, lakini ya mwendo wa pole, kama mita 190 kwa sekunde. Chombo kilijengwa kwa shinikizo hilo dogo.

Baada ya vita, bastola nyingi za aina hii ziliuzwa Marekani. Wafanyabiashara wakazikata gurudumu kidogo ili zipokee risasi za .45 za bastola ya jeshi la Marekani, zilizokuwa zimejaa madukani. Zikaingia, lakini shinikizo lake limepita lile ambalo Webley aliliwekea chombo chake. Wajuzi wakaonya kwamba bastola iliyokatwa hivyo ilishwe tu risasi laini ya kusubu na baruti chache. Asiyejua hilo anaweza kununua risasi halali ya dukani, ikaingia vizuri kabisa, kisha gurudumu likapasuka mkononi mwake. Kuingia si kufaa.

Na huyo Mmarekani anayeonekana kwenye video ana mizani ya kupima baruti kwa chembe, ana vipimo vya mtutu, ana kitabu cha jedwali, na ana sheria inayomruhusu. Huko kuna hata leseni maalumu ya wakusanyaji wa silaha zilizopita miaka 50. Mpwa wangu ana simu na hamu.

Moshi wa risasi tunaujua

Hata tukiiweka sheria kando, kuyeyusha risasi kwenye jiko la uani si jambo la kujaribiwa na watu wa Pwani waliofumbua macho. Sisi tunalijua jina Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa pembeni mwa kijiji hicho hapa Mombasa, na wakaazi wakavuta moshi wake na kutumia maji yaliyochafuka. Watoto waliugua, watu wakafa. Phyllis Omido, aliyeanza mapambano baada ya mwanawe mwenyewe kukutwa na sumu ya risasi, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Madini ni yale yale. Kile ni kiwanda na hili ni sufuria, lakini sumu ya risasi haina kiasi kilicho salama kwa mtoto. Vumbi lake hukaa kwenye nguo, kwenye ndevu, kwenye mkeka. Huathiri ubongo unaokua. Nyumba za Eastlands, ambapo chumba kimoja ndicho jiko, sebule na kitanda, ndiyo mahali pa mwisho pa kufanyia kazi hiyo.

Sheria inasemaje

Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Maana yake ya silaha ni pana: chombo chochote cha kuua chenye mtutu kinachoweza kutoa risasi. Haiulizi kama kilitengenezwa jana au enzi za Mjerumani. Kuwa nacho, kukinunua au kukipokea bila cheti ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka, si faini ya kulipa ukarudi kula mchana. Risasi nazo zinahesabiwa: hata zikiwa sita tu ndani ya soksi, bila cheti ni kosa linalojitegemea.

Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji lazima awe na sababu ya maana, awe mtu anayefaa, na asiwe hatari kwa usalama wa umma. Atachunguzwa mwenendo wake na DCI, atapimwa afya, na ataonyesha kwamba anajua kuishika silaha. Cheti kina muda wake na huhuishwa. Mwishoni mwa mwaka 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, hata wale waliokuwa na vyeti kwa miaka mingi.

Hapa ndipo warithi wengi wanapoteleza. Cheti ni cha mtu fulani kwa silaha fulani. Hakirithiwi kama saa ya mkono au shamba. Hata kama babu aliwahi kuwa na karatasi, karatasi ile ilikufa naye. Kuiuza kwa jirani, kuiweka rehani, au kumpa fundi aitazame, kila hatua inaongeza mtu mwingine kwenye mashtaka. Na kutengeneza silaha au risasi kwa biashara bila kusajiliwa ni kosa la fundi pia. Usimponze mtu wa Kamukunji anayetafutia wanawe kwa masufuria na masanduku ya bati.

Kwa nini Eastlands hasa

Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, hakushtakiwa kwa kuongoza vita msituni. Alishtakiwa Nyeri kwa kupatikana na rivolva moja ya .38 na risasi sita. Kwa kanuni za Hali ya Hatari hilo lilitosha, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka miwili na nusu kabla ya kukamatwa kwake, Aprili 1954, jeshi lilizingira mitaa hii hii ya Eastlands katika Operesheni Anvil na kuzoa maelfu ya wanaume.

Zile zilikuwa enzi za mkoloni, na sheria ya kunyonga kwa bastola imeondoka naye. Lakini mazoea ya kuutazama mtaa huu kwa jicho la shaka hayakuondoka. Aprili 2014, katika Operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na mitaa jirani, wengi wao Waislamu, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwazuilia. Kijana wa Runda akikutwa na bastola ya babu, huenda wakaulizana. Kijana wa Majengo mwenye kanzu akikutwa nayo, ni nani atakayeamini hadithi ya sanduku? Sisemi haya kwa uchungu tu. Nayasema kwa sababu kijana anayeishi upande huo wa mji hapati nafasi ya pili ya kujieleza.

Ukiikuta, fanya hivi

Kwanza, usiiguse. Usibonyeze, usijaribu kuifungua, usiseme "ni kuukuu, haina kitu". Risasi ya miaka 80 bado inaweza kulipuka. Usimwelekezee mtu hata kwa mzaha. Mtume (SAW) alikataza jambo hilo waziwazi, na aliyekataza alijua tabia ya mkono wa binadamu.

Pili, usiipige picha ukaitupa kwenye WhatsApp. Picha hiyo ni ushahidi, na haina mwenye kuieleza.

Tatu, usiibebe kwenye mfuko ukapanda nayo matatu kuipeleka kituoni. Ukisimamishwa njiani, wewe ni mtu aliyebeba silaha. Mtafute wakili kwanza. Yeye azungumze na mkuu wa kituo ili polisi waje kuichukua, mbele ya mashahidi: imamu, mzee wa mtaa, mmoja wa warithi. Hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na upewe nambari ya OB. Karatasi hiyo itunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Nne, usiihesabu kwenye mirathi. Kinachogawanywa ni mali iliyo halali kumilikiwa na warithi. Kugombania kitu ambacho hakuna kati yenu anayeruhusiwa kukishika ni kugawana kesi.

Na kijana anayependa shabaha? Si dhambi. Kulenga shabaha ni mchezo wenye adabu, na sisi Waislamu tunajua jinsi upigaji mishale ulivyosifiwa. Kiambu kuna uwanja wa Kirigiti wa chama cha wamiliki wa silaha. Kwetu kuna Bamburi Rifle Club. Aende huko, afundishwe na wenye leseni, aanzie na kanuni za usalama. Ataona mwenyewe kwamba wajuzi wa kweli ni watu waoga wa chombo chao.

Binamu yangu alifuata ushauri. Wakili alipatikana, imamu akaja, maafisa wawili wakaichukua mchana kweupe, na jina la kila aliyekuwepo likaandikwa. Kaka mkubwa alinuna siku mbili kwa zile dola alizokwisha kuzitumia kichwani. Ndani ya lile sanduku, chini ya kitambaa, kulikuwa pia na picha ya babu akiwa kijana, amevaa sare na tarbushi. Wameitia fremu wakaitundika sebuleni. Ukumbusho aliokuwa akiutaka yule wa kati wameupata, na hauhitaji cheti.